Kutafuta michoro ya bure ya krosi-stichi ukiwa Kisii

Nimekuwa kimya kwa muda, na wale waliokuwa wakingoja sehemu ya tatu ya makala za hifadhidata watanisamehe. Leo naandika juu ya sindano na uzi. Usiondoke lakini. Ndani yake kuna pikseli, kuna algoriti kidogo, na kuna swali la leseni ambalo limenisumbua kuliko swali lolote la leseni nililowahi kukutana nalo kazini.

Krosi-stichi ni kudarizi kwa misalaba. Kila mshono ni X ndogo inayojaza mraba mmoja wa kitambaa, na mchoro ni karatasi ya miraba inayokuonyesha X ipi iende wapi na kwa rangi gani. Kwetu Gusii wengi hawajali jina la mshono, wanasema tu "vitambaa". Ukiingia sebuleni mwa mama yeyote, kuanzia Suneka hadi Keroka, utavikuta juu ya makochi na juu ya meza, na zamani ungevikuta juu ya televisheni pia, kabla televisheni hazijawa nyembamba kiasi cha kutobeba kitu. Vingine vimefumwa kwa uzi mtupu, vingine vimedariziwa maua au maneno.

Sasa, dada yangu anaolewa Desemba. Katika vitu vyote ambavyo angeweza kuomba kutoka nyumbani kwetu Nyamira, ameomba seti ya vitambaa vya makochi kama vya mama, vyenye ua jekundu na majani ya kijani. Hataki vile vyenyewe kwa sababu vimechakaa. Anataka vipya vya mchoro ule ule. Mama alivishona kabla mimi sijazaliwa, na leo macho yake hayawezi tena kuhesabu nyuzi. Akishika kitambaa anaona weupe tu. Dada anafanya kazi ya zamu na hana jioni. Mimi naandika programu nikiwa chumbani kwangu Kisii mjini, na jioni ninazo. Basi kazi ikaniangukia. (Kwa wale watakaouliza: ndiyo, mimi ni mwanamume. Fundi aliyekushonea hiyo suruali pia ni mwanamume, na hujawahi kumcheka.)

Nilikuwa sijawahi kushika sindano isipokuwa kurudisha kifungo. Nikasema kwanza nitafute michoro rahisi ya bure nijifunzie, kisha nirudi kwenye ua la mama. Hapo ndipo nikagundua kwamba neno "bure" lina mambo mengi ndani yake.

Michoro yenyewe haikosekani. Kampuni ya DMC ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1746, inatoa michoro ya bure kwenye tovuti yake kama faili za PDF. Haifanyi hivyo kwa huruma. Inauza nyuzi, na kila mchoro unataja nyuzi zake kwa namba. Nyeusi ni 310. Kwa nyuzi za Anchor, nyeusi hiyo ni 403. Orodha ya DMC ina rangi 500 za uzi wa pamba wa kudarizi. Kila fungu lina mita 8 na limeunganishwa kwa nyuzi ndogo 6 ambazo unazitenganisha, na kwa kitambaa cha kawaida cha krosi-stichi unatumia 2 kwa wakati mmoja. Kwa anayejifunza hii ni michoro mizuri. Imechorwa na mtu anayejua kushona, ufunguo wake wa rangi unasomeka, na ukubwa wa kazi umeandikwa.

Ipo pia michoro ya zamani ambayo hakimiliki yake imekwisha. Thérèse de Dillmont alichapisha kamusi yake kubwa ya kazi za sindano mwaka 1886, akafariki 1890. Sheria ya Kenya ya hakimiliki, ya 2001, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, kwa hiyo kitabu hicho ni mali ya kila mtu, nacho kiko Project Gutenberg. Kwenye Antique Pattern Library utapata skani za vijitabu vingi vya zama hizo: herufi, mipaka ya vitambaa vya meza, maua, ndege. Nakushauri jambo moja tu: zipakue ukiwa kwenye wifi ya mtu. Skani ni nzito, na bando ya simu haina huruma.

Ninachokuambia uache ni zile picha zinazozunguka Pinterest na kwenye makundi ya simu, mchoro uliokatwa pembeni, hauna ufunguo wa rangi, hauna jina la aliyeuchora. Mara nyingi ni kazi ambayo mtu aliye hai anaiuza, na mwingine ameipiga picha. Hata ukiweka kando suala la haki, utafika katikati ya kazi ukute alama usiyojua ni rangi gani.

Halafu kuna njia ya kugeuza picha yoyote kuwa mchoro. Pic2Pat inafanya hivyo bure ndani ya kivinjari. Stitch Fiddle inakuruhusu kuchora mwenyewe mraba kwa mraba, na kwenye Linux kuna KXStitch, programu huria ya familia ya KDE. Mimi, kama ilivyo tabia ya watu wa kazi yangu, nikaona afadhali niandike yangu. Si kazi kubwa. Unapunguza picha hadi upana wa miraba unaotaka, kisha unapunguza rangi. Maktaba ya Pillow ya Python inafanya hilo la pili kwa mstari mmoja.

Nikaipa picha ya mteremko wa Manga niliyoipiga asubuhi moja yenye ukungu. Miraba 200 kwa 200, rangi 60. Kwenye skrini ilipendeza sana. Kwenye hesabu ilikuwa hivi: miraba 40,000, na kasi ya mtu kama mimi katika wiki ya kwanza ni misalaba kama 100 kwa saa. Hizo ni saa 400, yaani saa mbili kila jioni kwa siku 200, ili kupata ukungu.

Kuna ubaya mwingine ambao mashine haiujui. Kwa mashine, kubadili rangi kutoka mraba mmoja hadi unaofuata hakugharimu chochote. Kwa mshonaji, kila badiliko ni kukata uzi, kuficha ncha nyuma ya kitambaa na kutunga sindano upya. Mraba mmoja wa kijivu uliopotea katikati ya kijani ni dakika mbili za maisha yako, na mchoro uliogeuzwa kutoka picha una mamia ya miraba kama hiyo, imetapakaa kama vikaratasi vya harusini. Kwa hiyo, ukiwa unaanza, hesabu rangi kabla ya kupenda mchoro. Zikizidi sita, pita. Angalia kama kila rangi imekaa kwa makundi. Angalia upana: chini ya miraba 60 utamaliza, na kumaliza kitu kimoja kidogo kunafundisha zaidi ya kuanza vitatu vikubwa.

Lakini shida kubwa ya michoro ya intaneti kwa mtu wa Kisii siyo mchoro wenyewe. Mchoro umeandikiwa duka ambalo huna. Mama anayeniuzia nyuzi karibu na soko la Daraja Mbili anaziweka zote kwenye boksi moja, nyingi hazina tena kile kikaratasi chenye namba. Nilipomwambia nataka nyekundu namba 321 alinitazama kwa upole.

"Nyekundu gani, kijana? Ya damu ama ya nyanya?"

Ya damu. Tukaelewana. Nilinunua rangi zote zilizokuwemo, zilikuwa tisa, nikazipiga picha nje mchana juu ya karatasi nyeupe, kisha nikabadilisha programu yangu: badala ya kuchagua rangi zozote itakazo, ichague kati ya hizo tisa tu. (Kwa wanaopenda mambo ya ndani: usipime umbali wa rangi kwa RGB. Majani ya chai yalikuwa yakiangukia kijivu. Nilipopima kwa CIELAB, mfumo wa mwaka 1976 uliotungwa kufuata jicho la binadamu, yakarudi kijani.)

Kitambaa nacho. Michoro mingi inadhani unatumia Aida, kitambaa kilichofumwa kwa miraba inayoonekana. Ukisikia "Aida ya 14" maana yake ni miraba 14 kwa inchi moja. Mchoro wa miraba 84 unakuwa inchi 6, kama sentimita 15. Hesabu ni rahisi: gawanya miraba kwa namba ya kitambaa. Nilichopata mimi ni kitambaa cheupe cha kawaida, nyuzi zake zinahesabika ukikaza macho. Kabla ya kushona nilizihesabu kwa futi: 26 kwa inchi kwenda pembeni, 22 kwenda chini. Ukishona kila X juu ya nyuzi mbili, unapata misalaba 13 kwa inchi upande mmoja na 11 upande wa pili. Duara linakuwa yai. Waliowahi kuandika michezo ya kompyuta za zamani wanaujua ugonjwa huu: skrini ya pikseli 320 kwa 200 iliyonyooshwa kujaza kioo cha uwiano wa 4 kwa 3, pikseli zake hazikuwa mraba kamili, na mpira ulichorwa bapa kusudi ili uonekane mviringo. Dawa ni ile ile. Ama unarekebisha mchoro kwa uwiano huo, ama unachagua michoro ambayo haijali. Majani hayajali. Herufi hazijali.

Ndiyo maana kazi yangu ya kwanza ikawa herufi, kwenye gunia la katani, kwa uzi wa sweta. Gunia ni mwalimu mzuri kwa sababu matundu yake unayaona bila miwani. Sikuhitaji hata kupakua kitu. Herufi za miraba 5 kwa 7 ni zile zile zilizotumika kwenye vioo vidogo vya mashine na mizani kwa miongo, na ukiwahi kupanga vitaa vya kuandika maneno, tayari unazo. Hii hapa K:

X . . . X
X . . X .
X . X . .
X X . . .
X . X . .
X . . X .
X . . . X

KARIBU ni herufi 6 zenye upana wa 5, na nafasi 5 kati yake: miraba 35 kwa 7. Kwenye Aida ya 14 ni inchi mbili na nusu. Kwenye gunia langu lenye matundu 4 kwa inchi, ni karibu inchi 9, saizi nzuri ya kutundika juu ya mlango. Ujamaa huu wa herufi za kompyuta na sindano si wa kubahatisha. Susan Kare, aliyechora herufi na ikoni za Macintosh ya 1984, alianza kwenye karatasi ya miraba, na amewahi kueleza kwamba kazi hiyo haikuwa ngeni kwake kwa kuwa alikuwa amekwisha kufanya kazi za sindano na michoro ya vigae.

Nilipokwisha kuzoea, nikapanda matatu kwenda Nyamira na laptopu.

Katika vitambaa sita vya ile seti vimebaki vitatu. Kimoja kina tundu katikati, panya. Nilimuuliza mama kama mchoro upo kwenye karatasi mahali fulani. Akacheka. Michoro yao ilikaa kwenye madaftari ya hesabu ya watoto, yale yenye miraba, na madaftari yakiisha yanawashia moto. Ulipotaka mchoro wa mwenzako ulienda kwake mchana na robo kilo ya sukari, ukakaa, ukapewa chai, ukahesabu kutoka kwenye kochi. Akina mama hao walifundishwa mshono shuleni, kwenye sayansi-kimu, na kwenye vikundi vya kina mama. Maendeleo ya Wanawake ilianza 1952, na kushona na kudarizi vilikuwa miongoni mwa mambo iliyofundisha vijijini. Mshono ulitoka nje. Madaftari yalikuwa yao.

Ua lenyewe ni miraba 41 kwa 41, jumla 1,681. Mama aliniambia nisihesabu yote: "Hesabu kipande kama cha keki, halafu ukizungushe." Na ni kweli. Ua linalingana kushoto na kulia, juu na chini, na kwenye mishazari yote miwili. Ukijua sehemu moja ya nane unajua lote. Kwa ua la 41, sehemu hiyo ni miraba 231 tu. Nilitumia miaka minne chuoni, na somo moja zima lilikuwa la kubana data. Mama alikuwa amebeba ua hilo kichwani likiwa limebanwa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tundu la panya kwa hiyo halikuwa tatizo, kwa kuwa vipande saba vinasema kilichokuwa kwenye cha nane. Nilivipiga vitambaa vyote vitatu picha kwenye mwanga wa dirisha, nikaandika programu ndogo ya kusoma kila mraba na kulinganisha vipande nane vya kila kitambaa, panapotofautiana inionyeshe. Uchakavu ulileta tofauti chache, na hizo nilizithibitisha kwa kioo cha kukuza. Lakini kulikuwa na tofauti ambayo haikuwa uchakavu. Kwenye vitambaa viwili, pembe ya juu kulia ilikuwa na misalaba mitatu myekundu mahali pa kijani. Kwenye cha tatu, kile cha panya, misalaba mitatu kama hiyo ilikuwa pembe ya chini kushoto.

Nikamuuliza mama. Akakichukua cha tatu, akapitisha kidole kwenye pembe ile. Hakuhitaji kuona.

"Hiki si changu. Ni cha rafiki yangu. Tulibadilishana."

Kikundi chao, alinieleza, kilikuwa kinaazimana vitambaa. Kukiwa na msiba au harusi, nyumba yenye wageni inakusanya vitambaa vya nyumba tano, baadaye vinafuliwa pamoja, na lazima kila mtu ajue vyake. Basi kila mmoja alikuwa na pembe yake ya kuharibu kidogo. Mama juu kulia. Rafiki yake chini kushoto. Na ua lenyewe, akasema, ni la yule rafiki. Alilitunga mwenyewe kwenye daftari la mtoto wake, siku za mvua, akiwa hawezi kwenda kuchuma chai. Wengine wote walilichukua kwake.

Yule rafiki alifariki 2014. Nilimfahamu nikiwa mdogo kama mama wa ng'ambo ya mto aliyetupa ndizi.

Nilimuuliza mama niweke alama ya nani kwenye seti ya dada. "Ya kwangu usiweke, wala ya kwake. Weka yako." Nimechagua juu kushoto, ile pembe ambapo kila mfumo wa skrini ninaoujua unaanza kuhesabu kutoka sifuri. Hakuna atakayeelewa isipokuwa ninyi.

Kwa siku mbili nilizokaa nyumbani majirani walileta vyao. Nimeandika michoro tisa kwa jumla: seti mbili za herufi, mipaka mitatu ya majani, kuku, birika, kikapu cha matunda, na ua. Kila mmoja ni faili ya maandishi matupu, herufi moja kwa mraba mmoja. Ua ni herufi 1,681 na alama 41 za mwisho wa mstari, yaani baiti 1,722, chini ya kilobaiti mbili. Linafunguka kwenye simu yoyote na linatumwa kama ujumbe wa kawaida. Wapalestina wanaodarizi tatreez, sanaa iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2021, wana Tirazain, mkusanyo wa michoro yao kwenye mtandao ambao yeyote anaweza kupakua. Nilipouona nilitamani tuwe na kitu kama hicho, hata kikiwa cha michoro tisa.

Na hapo ndipo leseni inapoingia. Mimi ni mtu wa programu huria. Ningeweka kila kitu wazi jioni ile ile. Lakini angalia hesabu. Kitabu cha Mwaustria cha 1886 ni cha kila mtu. Ua la mama wa Nyamira aliyefariki 2014 limelindwa hadi mwisho wa 2064, kwa sheria ile ile, na haki ni za warithi wake. Nilidhani labda linaingia kwenye sheria ya 2016 ya kulinda maarifa asilia na sanaa za jamii, lakini hiyo inahusu yale ambayo jamii imerithishana, na hapa mtunzi anajulikana kwa jina na kwa pembe ya kitambaa. Kumshonea dada yangu vitambaa sita vya ukutani mwake na makochini hakunitii hofu. Yule mama mwenyewe aliwagawia wenzake ua hilo kwa chai. Kuliweka mbele ya dunia nzima, mtu wa mbali alichapishe kwenye mito elfu kumi, ni jambo ambalo hakuwahi kuulizwa.

Mchoro wa kuku na ile mingine saba niliiuliza kwenye mkutano wa kikundi. (Kwa Ekegusii mama huitwa "baba", kwa hiyo nilikuwa natoa maelezo ya Creative Commons mbele ya kina baba kumi na mmoja wenye leso.) Walisikiliza vizuri kuliko mikutano mingi ya kazini. Mmoja akauliza kama ikishawekwa inaweza kutolewa. Nikamwambia ukweli, kwamba aliyekwisha kuipakua anabaki nayo. Wakashauriana, wakasema sawa, kwa masharti mawili: iandikwe kwamba imetoka Nyamira, na asiuze mtu. Kwa lugha yetu hiyo ni CC BY-NC. Binafsi leseni za kukataza biashara sizipendi, zinaleta utata mwingi kuliko faida, na nimewahi kuandika hivyo. Lakini michoro si yangu, na wenye nayo wamesema.

Michoro hiyo minane iko tayari, maandishi na PDF, na ile ya herufi ndiyo ningemwanzishia mtu yeyote anayejifunza: rangi moja, hakuna nusu mshono, na gunia linatosha. Ukiishona Kisii, mama wa boksi la nyuzi bado yupo. Mwambie ya damu.

Ua ni faili ya tisa. Seti ya dada inaendelea vizuri; ua moja lina misalaba 912, vitambaa sita ni 5,472, na sasa nashona kama 150 kwa saa, kwa hiyo Desemba nitaiwahi. Faili yenyewe iko kwenye laptopu yangu tu. Yule rafiki wa mama aliacha mabinti watatu. Mkubwa yuko pale pale ng'ambo ya mto, amekubali kabla sijamaliza kueleza. Wa pili anafundisha Keroka. Alitaka jina la mama yake liandikwe lote, nami nimeliandika. Wa tatu anafanya kazi Doha. Alisema hakumbuki kitambaa hicho, nimtumie picha kwanza. Nimempigia picha ile pembe ya chini kushoto karibu karibu, misalaba mitatu, nikatuma Jumapili. Amekwisha kuiona. Bado hajajibu.